Wimbo uliovuka mipaka, mtunzi akabaki njiani

Katikati ya Meksiko, kwenye uwanda wa mashamba unaoitwa Bajío, upo mji wenye jina refu: Santa Cruz de Juventino Rosas. Zamani ulikuwa Santa Cruz tu, yaani Msalaba Mtakatifu. Jina la pili liliongezwa baadaye kwa heshima ya mtoto aliyezaliwa hapo Januari 25, 1868, akahama na wazazi wake akiwa bado mdogo, kisha akafia ugenini akiwa na miaka 26 tu.

Wasomaji wengi hawajawahi kulisikia jina la Juventino Rosas. Wimbo wake, hata hivyo, huenda wameusikia bila kujua. Ndio ule unaopigwa kwenye filamu pale wanasarakasi wanapobembea juu, au watoto wanapozungushwa juu ya farasi wa mbao kwenye viwanja vya michezo vya Ulaya na Marekani. Sauti yake inapanda taratibu na kushuka taratibu, kama mashua inayoinuliwa na maji.

Jina lake kwa Kihispania ni Sobre las Olas, maana yake Juu ya Mawimbi. Wamarekani wanauita Over the Waves. Huko Marekani, hasa vijijini, wapiga fidla wameurithisha kizazi hadi kizazi, na wapo wanaoamini ni wimbo wa mababu usio na mtunzi. Wengine wanadhani ni kazi ya Johann Strauss, mtunzi maarufu wa jiji la Vienna.

Ukweli ni kwamba uliandikwa na kijana wa kabila la Waotomi, mmoja wa wenyeji wa asili wa Meksiko, ambaye hakuwa na nyumba yake wala akiba. Kuifuata njia uliyopita wimbo huo, mji hadi mji, ni kuona jinsi kazi ya mtu inavyoweza kutajirika kwa sifa huku mwenyewe akisahaulika.

Fidla ya kutafutia chakula

Baba yake Juventino, Jesús Rosas, alikuwa mwanamuziki aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi. Ndiye aliyemfundisha mwanawe kushika fidla. Chombo hicho si kigeni kwa masikio ya pwani yetu: ndicho hicho kinacholia katika taarab ya Unguja, nyuzi nne na upinde, kikibanwa kati ya bega na kidevu.

Mtoto akiwa na miaka kama saba, familia iliondoka Santa Cruz kwenda Jiji la Meksiko kutafuta maisha. Jijini hawakupokewa na mtu. Baba na watoto waliunda kikundi kidogo, wakawa wanapiga barabarani na kwenye sherehe za mitaani ili wapate chakula cha siku. Kwa lugha ya leo tungesema mtoto yule alikuwa kwenye ajira ya watoto. Kwa wakati ule alikuwa kijana anayesaidia nyumbani.

Alijaribu kusoma. Alijiandikisha katika chuo cha taifa cha muziki zaidi ya mara moja, lakini hakuwahi kuhitimu. Aliyekuwa akitafuta ugali wa jioni kwa upinde wa fidla hakuwa na nafasi ya kukaa darasani miaka mingi akisubiri cheti. Hata hivyo, alijifunza kuandika muziki kwenye karatasi, na ujuzi huo ndio uliomtofautisha na mamia ya wapiga fidla wengine wa mitaani.

Kando ya mto wa viwanda

Upande wa kusini magharibi wa Jiji la Meksiko ipo wilaya ya Magdalena Contreras. Leo ni sehemu ya jiji, lakini karne ya 19 ilikuwa nje kabisa, kwenye miguu ya milima. Mto Magdalena unashuka hapo kutoka kwenye misitu. Nguvu ya maji yake ndiyo iliyoendesha viwanda vya nguo vilivyojengwa kandokando, na baadaye ikafungwa mitambo ya kufua umeme. Ndiyo maana eneo la juu la mto huo linaitwa Los Dinamos hadi leo, na wakazi wa jiji huenda huko na watoto mwishoni mwa wiki kupumua hewa safi na kula samaki wa maji baridi.

Wenyeji wa Contreras husimulia kwamba Rosas alikaa huko kwa muda akitunzwa na watu waliompenda, na kwamba wimbo wake mkubwa ulizaliwa kando ya maji hayo. Katika masimulizi hayo jina la kwanza la wimbo lilikuwa Kando ya Chemchemi. Rafiki akamshauri alibadilishe, na chemchemi ikawa mawimbi ya bahari.

Mwaka 1888 wimbo ulichapishwa na nyumba ya biashara ya muziki ya Wagner y Levien, iliyokuwa ikiuza piano na karatasi za noti jijini humo. Rosas alikuwa na miaka 20.

Hapa ndipo penye simulizi inayorudiwa kuliko zote nchini Meksiko: kwamba kijana yule aliuza haki zote za wimbo kwa peso 45. Fedha zilizoingia baada ya hapo zilikwenda kwa aliyeshika karatasi za mauzo. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Rosas daftari lilikuwepo, ila lilikuwa mezani kwa mchapishaji.

Hakuacha kutunga. Aliandika walsi nyingine iitwayo Carmen na kuitoa kwa heshima ya Carmen Romero Rubio, mke wa Rais Porfirio Díaz. Husimuliwa kwamba alizawadiwa piano kubwa kutoka kwa wakubwa hao, na kwamba aliiuza ili alipe madeni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: piano ni zawadi nzuri kwa mtu mwenye sebule ya kuiweka.

Moja, mbili, tatu

Walsi ni dansi ya mapigo matatu. Pigo la kwanza ni zito, mawili yanayofuata ni mepesi: moja, mbili-tatu, moja, mbili-tatu. Mwanamume na mwanamke hushikana na kuzunguka ukumbi mzima bila kuachana. Ilipoanza kuenea Ulaya, zaidi ya miaka 200 iliyopita, wazazi wengi waliiona ya aibu kwa sababu ya kule kushikana. Miaka ilivyopita ikawa dansi ya heshima, ya harusi na ya ikulu.

Kwa desturi ya Ulaya, walsi ya ukumbini haikuwa wimbo mmoja. Ilikuwa mfululizo wa vipande kadhaa, wenye utangulizi mwanzoni na hitimisho mwishoni. Rosas alifuata mpangilio huo. Juu ya Mawimbi kama alivyoiandika ni safari ndefu kuliko ule mwimbo mfupi unaojulikana na watu wengi leo.

Kilichobaki midomoni na vidoleni ni sehemu ya mwanzo. Kuna sababu. Ile sehemu ya kwanza ina hatua ndogo ndogo zinazopanda, kisha inatulia, kisha inapanda tena. Mtu anaishika baada ya kuisikia mara mbili. Na kwenye fidla, noti ndefu za walsi zinampa mpigaji nafasi ya kuvuta upinde mpaka mwisho, hivyo hata asiye na kasi ya vidole anaweza kuupiga na ukapendeza.

Reli, maonyesho na sheria

Wimbo hauna miguu, lazima ubebwe. Miaka ile wabebaji waliongezeka ghafla. Mwaka 1884 reli kutoka Jiji la Meksiko ilifika mpakani El Paso, jimbo la Texas. Mwaka 1888, mwaka uleule wa kuchapishwa kwa Juu ya Mawimbi, reli ya pili ikakamilika hadi Laredo. Watu, mizigo, bendi na karatasi za noti vikaanza kuvuka mpaka kwa siku chache.

Bendi za Meksiko zilikuwa tayari na jina Marekani. Bendi ya kikosi cha farasi cha jeshi la Meksiko ilikuwa imepiga kwenye maonyesho makubwa ya pamba ya New Orleans ya mwaka 1884 na 1885, na watu wa mji ule wakaanza kununua noti za nyimbo za Kimeksiko. Juu ya Mawimbi ilipotoka, ilikuta mlango umeshafunguliwa. Hadi leo bendi za jazi za New Orleans huipiga.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya mwaka 1891, sheria ya Marekani haikulinda kazi za watunzi wa nchi za nje. Wimbo uliochapishwa Meksiko mwaka 1888 ungeweza kuchapwa upya na yeyote upande wa pili wa mpaka, bila ruhusa wala malipo. Kwa hiyo hata kama Rosas asingeuza haki zake, bado kule ambako wimbo ulipendwa zaidi asingekuwa na mkono wa kudai.

Mwaka 1893 yeye mwenyewe alivuka mpaka. Alisafiri na kundi la wanamuziki wa Meksiko na kupiga kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, yaliyoandaliwa kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike Amerika. Mjukuu wa wenyeji wa bara hilo alipiga fidla kwenye sherehe ya kumpongeza mgeni.

Bandari ya mwisho

Mwaka uliofuata alijiunga na kundi la wanamuziki wa Kiitaliano na Kimeksiko lililokwenda kufanya ziara Kuba. Ziara ilikuwa ngumu, na njiani Rosas akaugua.

Mahali alipoishia panaitwa Surgidero de Batabanó, bandari ndogo kwenye pwani ya kusini ya Kuba. Neno surgidero maana yake ni mahali pa kutia nanga. Bahari ya hapo ni ya kina kifupi, na kwa miaka mingi wakazi wake wameishi kwa uvuvi na kwa kupiga mbizi kutafuta sponji. Boti za kwenda kisiwa kikubwa kilicho kusini mwa Kuba huondokea hapo. Msafiri hupita, ni wachache wanaokaa.

Rosas alifariki dunia hapo Julai 9, 1894. Ugonjwa uliotajwa ni mielitisi, yaani uvimbe unaoshambulia uti wa mgongo. Watu wengi huuchanganya na homa ya uti wa mgongo, lakini ni magonjwa mawili tofauti. Homa ya uti wa mgongo hushambulia utando unaofunika ubongo na uti. Mielitisi hushambulia uti wenyewe, ile njia inayopitisha taarifa kati ya ubongo na viungo vya mwili. Mgonjwa anaweza kuanza na maumivu ya mgongo, ganzi au miguu kukosa nguvu. Wengine hushindwa kutembea au kuzuia haja ndogo.

Leo mtu anayepoteza nguvu za miguu kwa ghafla anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu vipo vipimo vya picha na zipo dawa za kutuliza uvimbe. Mwaka 1894 hapakuwa na chochote cha aina hiyo. Eksirei yenyewe iligunduliwa mwaka uliofuata, na penisilini ilikuja kugunduliwa mwaka 1928. Mgonjwa maskini, aliye mbali na ndugu, alikuwa na kitanda, maji na maombi.

Alizikwa kulekule ugenini. Wakati huo wimbo wake ulikuwa unapigwa kwenye kumbi za mabara mawili.

Kutoka ukumbini hadi jikoni

Kwa wapiga fidla wa vijijini Marekani, walsi ina kazi yake maalumu. Usiku wa dansi huwa na miziki ya kasi ambayo watu hucheza kwa makundi, wakibadilishana wenzi na kufuata sauti ya mtu anayewaelekeza. Watu hutoka jasho na kucheka. Kisha, kabla ya mapumziko na mwisho kabisa wa usiku, hupigwa walsi. Kila mtu humtafuta wake. Wazee waliokuwa wamekaa pembeni nao huinuka. Watoto wengine huwa wameshalala kwenye mabenchi. Walsi ikiisha, watu wanaaga.

Kwa hiyo kila mpigaji alihitaji kuwa na walsi mbili tatu za kuaminika, na Juu ya Mawimbi ikawa mojawapo. Wengi hawakujifunza kwa noti. Baba alipiga jikoni baada ya chakula cha jioni, mtoto akasikiliza, akajaribu, akakosea, akarudia. Wimbo uliandikwa kwa ajili ya piano na kumbi zenye taa, ukaishia kwenye nyumba za mbao karibu na jiko la kuni.

Katika safari hiyo ulipungua. Utangulizi ukaachwa. Vipande vya kati vikaachwa. Zikabaki sehemu mbili zinazorudiwa, kama ilivyo kwa nyimbo nyingi za fidla. Jina la Kihispania likageuzwa Kiingereza. Na kwa kuwa anayejifunza kwa sikio haoni ukurasa wa kwanza wa noti, ambako jina la mtunzi huandikwa, jina la Rosas nalo likadondoka. Kwenye mikusanyo ya nyimbo za fidla, pale panapotakiwa jina la mtunzi, mara nyingi huandikwa neno moja tu: asili.

Katika jimbo la Idaho, kwenye mji mdogo wa Weiser ulio kando ya Mto Snake, mashindano ya kitaifa ya wapiga fidla wa mtindo wa zamani yalianza mwaka 1953. Kanuni yake inajulikana na kila mshiriki: katika dakika nne anatakiwa kupiga wimbo mmoja wa kasi, walsi moja na wimbo mmoja wa chaguo lake. Babu wa miaka 80 na mtoto wa shule ya msingi hufuata kanuni hiyohiyo. Walsi ipo kwenye orodha kwa sababu inapima kile ambacho kasi inaweza kukificha: usafi wa sauti na mkono uliotulia.

Wanamuziki wakubwa nao waliuchukua wimbo. Mwaka 1951 filamu ya Hollywood kuhusu mwimbaji Enrico Caruso ilitumia sauti hiyo na kuitungia maneno ya mapenzi ya Kiingereza, yakawa maarufu sana. Mwaka 1975 Willie Nelson, mwimbaji wa Texas, aliuweka kwenye albamu yake Red Headed Stranger bila maneno.

Deni lililobaki

Rosas amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kisheria wimbo wake sasa ni wa wote. Mtu akiupiga harusini, akiurekodi au akiuchapisha, hadaiwi shilingi. Kilichobaki cha kumlipa mtunzi ni kumtaja.

Meksiko ilianza kulipa mapema. Mwaka 1909, miaka 15 baada ya kifo chake, mabaki yake yalichukuliwa Batabanó yakarudishwa nyumbani kwa meli, yakipita juu ya mawimbi ya Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1939 yalihamishiwa kwenye uwanja wa makaburi ya mashujaa wa taifa jijini Meksiko. Mwaka 1950 mwigizaji kipenzi cha nchi hiyo, Pedro Infante, alicheza nafasi yake katika filamu yenye jina la wimbo. Na mji wa Santa Cruz ukaongeza jina lake kwenye jina lake.

Chanda chema huvikwa pete, ingawa hiki kilivikwa baada ya kuzikwa. Hata hivyo heshima hiyo ina faida kwa walio hai. Mtoto wa Bajío anayepanda basi la kwenda nyumbani husoma kwenye kioo cha mbele jina la mpiga fidla maskini wa Kiotomi.

Katika familia nyingi za huku kwetu wapo watu wa namna hiyo: bibi aliyetunga wimbo wa kumsindikiza bi harusi ambao sasa kijiji kizima kinauimba, mjomba aliyetunga kibwagizo kilichochukuliwa na bendi. Wimbo ukishapendwa, husemwa ni wa asili, ni wa wazee, na hakuna anayeuliza ni mzee gani. Anayejua jina aliandike mahali, pamoja na mwaka na kijiji. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kwa kazi hiyo.